Trekta Dogo na Shamba Lililopungua: Kuuza au Kuweka?

Trekta ni chombo chema, na mtu aliyelipata kwa jasho lake ana haki ya kulionea fahari. Lakini kila chombo kina kipimo chake. Sufuria kubwa ya arusini haifai kupikia uji wa mtoto mmoja, si kwa kuwa sufuria ni mbaya, bali kwa kuwa kuni zitakazoteketea hazina kiasi na uji wenyewe. Ndivyo ilivyo kwa trekta pia. Lililofaa kwa ekari 40 huenda lisifae kwa ekari 6, ijapokuwa trekta ni lile lile na mwenyewe ni yule yule.

Jambo hili linawafikia watu wengi siku hizi, kwa maana mashamba hupungua kwa njia nyingi. Huyu amekuwa mzee, amewagawia wanawe ardhi ili asije akafa na kuwaachia ugomvi. Yule ameuza sehemu ili alipe karo au matibabu. Mwingine alikodi ardhi ya jirani miaka mingi, na sasa mwenyewe ameitaka. Katika miteremko ya Kilimanjaro vihamba vimegawanywa kizazi hata kizazi, na vingi leo ni vidogo kuliko vilivyokuwa zamani za mababu. Hata mashamba ya mahindi ya tambarare nayo hukatwa vipande. Ardhi hugawanyika, lakini trekta haligawanyiki. Hubaki zima uani, na mwenyewe hubaki akijiuliza: niliuze, au niliweke?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue trekta dogo lilibuniwa kwa kazi gani. Zamani plau ilifungwa nyuma ya trekta kwa mnyororo, kama inavyofungwa nyuma ya maksai. Ikigonga kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, na trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Mtu mmoja aliyezaliwa Ireland, jina lake Harry Ferguson, alitengeneza mikono mitatu ya chuma inayoishika plau na kuinyanyua kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa, hata trekta na plau vikawa kama kitu kimoja. Faida ya pili ilikuwa kwamba uzito wa kazi uliyakandamiza magurudumu ya nyuma chini, basi trekta jepesi likaweza kufanya kazi ambayo hapo kwanza ilitaka trekta zito. Trekta lake liitwalo TE20 lilianza kutengenezwa katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, na mpaka ilipofika mwaka 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000. Karibu matrekta yote madogo ya leo yafuata njia hiyo. Basi trekta dogo halikubuniwa kuwa pambo. Lilibuniwa ili mkulima wa shamba la kiasi alime kwa gharama ya kiasi.

Tena nchi yetu ina fundisho lake. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Kongwa ilikuwa mojawapo ya mahali pake. Zilikusudiwa ekari zaidi ya 3,000,000. Mitambo ya kila namna ililetwa, mingine ikiwa masalio ya vita, hata vifaru vya kijeshi vikageuzwa kuwa matrekta. Lakini ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama tofali, mvua zikawa chache, mafundi na vipuri havikutosha, na mashamba yaliyopatikana yalikuwa sehemu ndogo sana ya yale yaliyokusudiwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilihesabiwa kwa mamilioni ya pauni. Mitambo haikukosa nguvu. Kilichokosekana ni ulinganifu baina ya mitambo, ardhi, na kazi iliyokuwapo kweli. Jambo lililoishinda serikali yenye hazina kubwa laweza kumshinda mwenye ekari 6, asipohesabu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Gharama za trekta ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile zinazokuja hata trekta likilala mwaka mzima. Thamani yake hupungua kwa kuzeeka. Matairi hupasuka kwa jua. Betri hufa kwa kukaa. Banda lataka kuezekwa. Na fedha iliyofungwa ndani ya chuma haizai, ambapo ingaliwekwa benki au kununulia mifugo ingalizaa. Namna ya pili ni zile zinazokuja kazini tu: dizeli, oili, kuchakaa kwa majembe ya plau, na ujira wa dereva. Watu wengi huhesabu namna ya pili na kuisahau ya kwanza. Ndiyo maana husema, “Trekta langu halinigharimu kitu, limekaa tu.” La hasha. Linagharimu kwa kukaa kwenyewe.

Natutoe mfano. Bei hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo kila msomaji na aweke bei za kwao. Tuseme trekta la nguvu za farasi 25 laweza kuuzwa leo kwa shilingi 15,000,000. Tuseme kila mwaka thamani yake hupungua kwa shilingi 1,200,000. Fedha hiyo ingaliwekwa mahali pengine ingalizaa shilingi 750,000. Akiba ya matairi, betri na matengenezo ni shilingi 500,000. Banda na ulinzi ni shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 2,600,000 kwa mwaka, hata kama ufunguo haukuguswa.

Kisha gharama za kazini. Trekta likienda kilometa 5 kwa saa, na plau ikikata upana wa nusu meta, kwa saa moja hulima meta za mraba 2,500. Ekari moja ni kama meta za mraba 4,047. Ukiongeza kugeuka mwisho wa shamba na kusimama hapa na pale, ekari moja huchukua kama saa mbili. Tuseme dizeli ni lita 8 kwa shilingi 3,000 kila lita, yaani shilingi 24,000. Oili na kuchakaa shilingi 6,000. Dereva shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 40,000 kwa ekari. Na tuseme mwenye kukodi trekta la mtu mwingine hulipa shilingi 70,000 kwa ekari. Basi mwenye trekta huokoa shilingi 30,000 kwa kila ekari alimayo, na akimlimia jirani hupata faida hiyo hiyo.

Gawa 2,600,000 kwa 30,000. Jibu ni ekari 87 za kazi kwa mwaka. Hapo ndipo trekta linapojilipa. Nasema ekari za kazi, kwa kuwa shamba likilimwa kwa plau kisha likapigwa haro, ekari moja ya ardhi huwa ekari mbili za kazi. Na ili hesabu iwe nyepesi tumeweka bei moja kwa zote mbili. Mwenye ekari 40 alikuwa na ekari 80 za kazi, akiokoa shilingi 2,400,000. Alipungukiwa na 200,000 tu, na hiyo si ghali kwa mtu anayelima siku aitakayo. Lakini akibakiwa na ekari 6, ana ekari 12 za kazi, na huokoa shilingi 360,000. Upungufu wake ni shilingi 2,240,000 kila mwaka. Fedha hiyo haitoki mfukoni siku moja, wala mwizi haonekani. Huondoka kidogo kidogo, na mwenyewe hushangaa mwaka wa tano anapoambiwa bei ya trekta lake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini msomaji asikimbilie kuuza kwa mfano huo mmoja. Trekta likiwa kuukuu sana, hesabu hubadilika. Tuseme ni zee, lauzwa kwa shilingi 4,000,000 tu. Kupungua kwa thamani kwa mwaka labda ni 200,000, na fedha yake ingalizaa 200,000. Akiba ya matengenezo 500,000, banda na ulinzi 150,000. Jumla ni 1,050,000, na ekari 35 za kazi zatosha kulilipa. Kwa hiyo trekta jipya lisilo na kazi hula mali kuliko trekta kuukuu lisilo na kazi. Illa trekta kuukuu halina ahadi: laweza kuharibika siku mvua inapoanza, na kipuri kikachukua mwezi kupatikana.

Jambo la pili la kupima ni wakati. Katika mikoa ya kati na ya kusini mvua ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba. Kaskazini kuna vuli na masika. Popote pale mvua haimngoji mtu. Siku ikinyesha, kila mkulima humtaka mwenye trekta siku hiyo hiyo, na anayekodi huambiwa, “Wewe wa kumi na tano.” Mahindi yaliyochelewa kupandwa hupungua mavuno, na nyumba nzima huona upungufu huo kabla ya mavuno yanayofuata. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa kuweka. Lakini nayo ipimwe. Kulima ekari 6 ni kazi ya siku mbili tu. Mtu akimlipa mwenye trekta nusu ya ujira mapema, wakaandikiana tarehe mbele ya shahidi, au akiwa na maksai wake wawili waliofundishwa vema, aweza kuipata mvua ya kwanza bila kuweka chuma cha mamilioni uani.

Jambo la tatu ni kazi nyingine zisizo kulima. Trekta lenye tela hubeba mahindi, mbolea ya samadi, mchanga, matofali, kuni na maji. Mhimili wa nyuma unaozunguka huendesha mashine ya kupukuchua mahindi au pampu. Mwenye trekta aliye karibu na ghala, mnada au kijiji kinachojengwa aweza kupata kazi za tela miezi yote, na hizo zikamfaa kuliko plau. Basi kabla ya kuamua, aandike katika daftari la shule kila kazi iliyofanywa na trekta kwa miezi kumi na miwili: tarehe, saa, mafuta, fedha iliyoingia, na fedha iliyoahidiwa isiingie. Asiyejua hesabu vizuri amwombe mwalimu au mjukuu wake. Daftari hilo litamjibu vizuri kuliko mshauri yeyote.

Nimetaja fedha iliyoahidiwa isiingie, na hapo pana shida yenyewe. Mzee aliyegawa ekari 34 kwa wanawe hakuziondoa ekari hizo duniani. Bado zipo, bado zataka kulimwa. Kwa hesabu, trekta lake lingeweza kuendelea kama zamani. Lakini je, wanawe watamlipa? Mwana husema, “Baba, nilimie, nitakupa tukivuna.” Baba hawezi kumnyima, wala mavuno yakija hawezi kumdai, kwa kuwa kumdai mwanawe ni kama kuonyesha kwamba hana kitu. Shemeji naye huja, na jirani aliyemsaidia msibani. Dizeli hununuliwa kwa fedha taslimu, kazi hulipwa kwa shukrani. Matrekta mengi hayafi kwa kazi, hufa kwa undugu. Heri familia ikae pamoja mapema na kukubaliana kwa maandishi: kila mmoja alete dizeli yake kabla ya kulimiwa, alipe ujira wa dereva, na aweke shilingi kadha kwa ekari katika mfuko wa matengenezo. Wakikubali na kutimiza msimu mmoja, trekta na libaki. Wasipotimiza, mzee amekwisha kupata jibu lake, na hakuna aliyemvunjia heshima.

Jambo la nne ni usalama. Trekta dogo ni jepesi, na katika mteremko hupinduka upesi, hasa likiwa na tela lililojaa. Mhimili wa nyuma kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Ukishika kanzu au khanga, hakuna mkono wa kuivuta ikatoka. Mwenye trekta ambaye macho yamepungua na miguu haifiki upesi kwenye breki, asiendeshe. Kama hana dereva mwaminifu, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuuza. Tena shamba likiwa dogo, sehemu kubwa yake hukanyagwa wakati wa kugeuka, na udongo uliolowa ukikanyagwa na magurudumu hushikamana chini, mizizi ikashindwa kupenya.

Ziko pia njia za katikati. Ya kwanza ni kuuza trekta hilo na kununua pawatila, ambalo humtosha mwenye ekari chache, hasa za mpunga wa mabondeni. Baada ya mpango wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 mashine hizo zilienea wilaya nyingi za Tanzania, na mafundi wanaozijua ni wengi sasa. Lakini ardhi ngumu, kavu, yenye visiki huzishinda, basi mtu atazame udongo wake kwanza. Njia ya pili ni kukiuzia kikundi au chama cha ushirika, kwa mkataba kwamba muuzaji atalimiwa mapema kila msimu kwa bei iliyoandikwa. Njia ya tatu ni kumkabidhi dereva kijana anayelipa kodi ya kila mwezi. Njia hii ina hatari, kwa kuwa asiye mwenye mali hulibana trekta alipate la leo. Basi saa ya injini isomwe kila juma, na oili ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha trekta, wala si kwa maneno ya dereva.

Aliyeamua kuuza asiuze kwa haraka ya shida. Baada ya msimu wa kulima wanunuzi huwa wachache na bei hushuka. Mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua, wakulima wakiwa wamekwisha kuuza mavuno, bei hupanda. Alioshe, azibe palipovuja, betri iwe hai, liwake mbele ya mnunuzi likiwa la baridi, kwa sababu mnunuzi mwerevu hugusa injini kwanza aone kama imepashwa moto mapema. Daftari la matengenezo huongeza bei kuliko rangi mpya. Plau, haro na tela vihesabiwe mbalimbali, maana mara nyingine mnunuzi ana vyake. Kama trekta lilinunuliwa kwa mkopo, deni liishe kwanza, au mkopeshaji akubali kwa maandishi. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, fedha ipokewe yote kabla ya ufunguo kutoka, na kadi ya usajili ibadilishwe jina katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, ili ajali ya kesho isije ikahesabiwa juu ya mwenye mali wa jana. Na mwenye kuuza aamue mapema fedha itakwenda wapi, iwe ni ng'ombe, bati au karo. Fedha isiyo na kazi iliyopangwa huyeyuka upesi kuliko thamani ya trekta.

Aliyeamua kuweka naye ana wajibu. Trekta lisilofanya kazi liwashwe kila baada ya majuma mawili, liende mpaka injini ipate joto kamili. Kuliwasha dakika mbili na kulizima ni kulidhuru. Tangi lijazwe dizeli, ili unyevu wa hewa usigeuke maji ndani yake. Plau ishushwe chini, isining'inie kwenye mikono. Likikaa miezi mingi, betri ifunguliwe, na magurudumu yainuliwe kwa magogo yasibebe uzito. Panya nao watazamwe, kwa maana wanapenda nyaya.

Basi mwenye trekta na ajiulize maswali manne. Je, ekari za kazi nilizo nazo, zangu na za wanaolipa kweli, zafikia kiwango cha kulilipa? Je, bila trekta langu naweza kuipata mvua ya kwanza? Je, yuko mtu wa kuliendesha kwa usalama? Je, ndugu zangu wamekubaliana juu yake kwa maandishi? Akijibu “ndiyo” kwa la kwanza, la tatu na la nne, na aliweke. Akijibu “hapana” kwa hayo, na akaona kwamba aweza kulima kwa wakati kwa njia nyingine, na aliuze lingali zima.

Wala mtu asione haya kwa kuuza. Wako wanaosema, “Fulani amefilisika, trekta limekwenda.” Hao hawalishi nyumba ya mtu. Mkulima aliyelima ekari 40 miaka ishirini, akawagawia wanawe ardhi kwa amani, kisha akauza trekta kwa bei nzuri na kuweka ng'ombe wawili wa maziwa mahali pa banda lake, amemaliza kazi yake vizuri. Na trekta lake nalo litakwenda kulima kwa mtu mwingine mwenye ardhi ya kulitosha.